Mwenye Huzuni Apewe Chakula

Kuna fundisho lililoota mizizi katika semina za akina mama, katika vikundi vya maombi na katika vitabu vya ibada vinavyouzwa milangoni mwa makanisa, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi. Linasema kwamba Mkristo anayekula kwa sababu ya huzuni, upweke au wasiwasi amekipa chakula kiti cha Mungu. Chipsi za saa nne usiku ni sanamu, na soda ya pili ni ibada ya uongo. Dawa yake ni kusukuma sahani kando, kufungua Biblia na kuomba mpaka hamu iishe. Isipoisha, mwenye hamu aichunguze imani yake.

Wanaolihubiri wengi wana nia njema, na baadhi yao wameipitia shida hiyo wenyewe. Hata hivyo nia njema hailifanyi fundisho kuwa kweli. Biblia hailiungi mkono, mwili wa binadamu unalikanusha, na waumini wanaolishika kwa bidii ndio linalowaumiza zaidi.

Chimbuko lake ni Marekani. Mwaka 1957 mchungaji wa Kipresbiteri aitwaye Charlie Shedd, ambaye kwa maelezo yake alikuwa amepunguza takribani kilo 45, alichapisha kitabu kiitwacho Pray Your Weight Away. Ndani yake alihubiri kwamba unene ni dhambi, tena dhambi ya pekee ambayo mtu anaweza kuipima kwenye mizani. Vitabu vya namna hiyo vikafuatana. Miaka ya 1970 na 1980 vikaja vikundi vya makanisani ambamo watu walipimwa uzito, wakasoma Biblia na kuombeana. Kimojawapo, First Place, kilianzia katika kanisa la Kibaptisti jijini Houston.

Aliyelipa fundisho hili umbo lake kamili ni Gwen Shamblin, mtaalamu wa lishe wa Tennessee, aliyeanzisha Weigh Down Workshop mwaka 1986. Kitabu chake cha 1997, The Weigh Down Diet, kiliuza zaidi ya nakala milioni moja, na kozi zake zikaenea katika maelfu ya makanisa. Alisema binadamu ana njaa mbili, ya tumbo na ya moyo. Ya tumbo ingojwe mpaka tumbo lingurume, ndipo mtu ale chochote akipendacho na kuacha aliposhiba. Ya moyo ipelekwe kwa Mungu. Hakukataza sukari wala nyama ya mafuta, na ushauri wake wa kungoja njaa ya kweli una busara ndani yake.

Tatizo lilikuwa katika nusu ya pili. Ikiwa kila tonge lisilo la njaa ni upendo ulioibwa kwa Mungu, basi mwili mwembamba unageuka cheti cha utii, na mwili mnene unakuwa ushahidi mahakamani. Shamblin aliifuata hoja hiyo mpaka mwisho wake. Mwaka 1999 alianzisha kanisa lake, Remnant Fellowship. Mwaka uliofuata aliukana Utatu hadharani, wachapishaji wa Thomas Nelson wakafuta kitabu chake kilichokuwa kinaandaliwa, na makanisa mengi yakaachana na kozi zake. Alifariki katika ajali ya ndege Mei 2021. Mwaka huohuo, katika mfululizo wa filamu wa HBO Max uitwao The Way Down, waliokuwa waumini wake walisimulia jinsi uzito ulivyokuwa kipimo cha utakatifu miongoni mwao.

Wakristo wengi walimkataa Shamblin kwa sababu ya Utatu. Hoja yake ya njaa mbili ilibaki hai. Inasikika, kwa sauti ya upole zaidi, katika Made to Crave cha Lysa TerKeurst cha mwaka 2010, kitabu kinachojengwa juu ya wazo kwamba hamu tuliyoumbiwa ni ya Mungu nasi tumeipeleka jikoni. Inasikika pia kila Januari, makanisa ya Afrika Mashariki yanapotangaza mfungo wa siku 21 na waumini wakaambiana nusu kwa uchaji, nusu kwa matumaini, kwamba na kitambi nacho kitapungua.

Sasa ifunguliwe Biblia yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotajwa.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya amechoka kuishi. Yezebeli anamtafuta amuue. Eliya anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu aitwae roho yake, kisha analala. Mtu aliye katika hali hiyo leo, akiingia katika semina nyingi, angepewa aya za kukariri. Malaika alimgusa akamwambia ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na agizo lilelile, na safari hii akaongeza sababu: mwendo ulio mbele yake ni mkubwa mno kwake. Hakukuwa na karipio hata moja. Sauti ya Mungu kule Horebu ilikuja baadaye, siku 40 baadaye, kwa mtu aliyekwisha kula na kulala.

Mtume Paulo naye, katika Matendo ya Mitume sura ya 27, yumo melini katika dhoruba pamoja na watu wengine, jumla yao 276. Kwa siku 14 hofu imewanyima chakula. Paulo anaomba, bila shaka. Anawaambia hata maono aliyopewa usiku. Kisha anawasihi wale. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaanza kula, na wote wanachangamka na kula. Hapo sala na mkate vimeshikwa na mkono mmoja, kwa ajili ya hofu ileile.

Daudi alifunga wakati mtoto wake akiumwa. Mtoto alipokufa aliinuka, akaoga, akaenda kusujudu nyumbani mwa Bwana, akarudi kwake akaomba chakula. Watumishi wake walishangaa, kama ambavyo wengi wangeshangaa leo. Hana, mke wa Elkana, alikuwa hali chakula kwa uchungu wa utasa. Alipomaliza kumwaga moyo wake hekaluni alikwenda zake, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Anayemtaja Hana kama mfano wa sala iliyoshinda chakula ameishia katikati ya aya.

Hata Danieli, ambaye jina lake limebandikwa kwenye mifungo ya kupunguza uzito, hasaidii. Sura ya kwanza inasema kwamba baada ya siku kumi za mboga na maji yeye na rafiki zake walionekana wamenenepa kuliko wenzao waliokula chakula cha mfalme. Sura ya kumi, ambamo anajinyima chakula kitamu kwa majuma matatu, inaeleza mtu aliyekuwa akiomboleza. Alijinyima ili huzuni yake ionekane na kusikika mbele za Mungu. Hakuna mahali aliposema kwamba alikuwa akiitibu.

Watetezi wa fundisho hili wana aya yao, nayo ni nzito: Paulo akiwaandikia Wafilipi anawalilia watu ambao mungu wao ni tumbo. Lakini Biblia inapolishambulia tumbo humlenga nani? Ezekieli anasema hatia ya Sodoma ilikuwa kushiba pasipo kumsaidia maskini. Wakorintho walikaripiwa kwa sababu wengine walishiba na kulewa huku wenzao wasio na kitu wakikaa na njaa katika karamu ileile ya Bwana. Isaya, katika sura ya 58, anaikataa saumu isiyomgawia mwenye njaa mkate. Lawama yote inamwangukia anayekula bila kumjali jirani. Kuitoa lawama hiyo kwa tajiri wa Korintho na kumtwika mjane anayekula chapati tatu usiku kwa sababu nyumba imekuwa kimya ni kuyapindua Maandiko.

Tena fundisho hili linaufahamu vibaya mwili ambao Wakristo wanaamini Mungu aliuumba. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya msongo wa muda mrefu na kile wanachokula viumbe walio ndani yake. Panya waliosongwa, walipopewa sukari na mafuta, walivikimbilia, na mfumo wa mwili unaochochea homoni za msongo ukapoa. Panya hana sanamu wala hajaasi. Mwili ulio hatarini hutafuta nishati, na ukiipata hupumua. Mtoto mchanga hujifunza hilo katika saa za kwanza za uhai wake, titini, na ni picha hiyohiyo ya kunyonya na kubembelezwa ambayo Isaya anaitumia mwishoni mwa kitabu chake kueleza faraja ya Mungu mwenyewe.

Faraja hiyo ina gharama. Mafuta hujikusanya tumboni, na kisukari na shinikizo la damu havimwogopi aliyeokoka. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa Kenya wa mwaka 2014 uliwakuta asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo anayesema kula kila mara kwa kujifariji kunadhuru anasema kweli. Anakosea anapodai kwamba chanzo ni uhaba wa imani na dawa ni kuzidisha lawama.

Lawama ndiyo kuni ya moto huu. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanawake maziwa matamu yaliyopigwa na aiskrimu, kisha wakawaruhusu kula aiskrimu nyingine kadiri walivyotaka. Wanawake wasiojibana katika kula walikula kidogo baada ya kunywa, kwa kuwa walikwisha kushiba. Waliokuwa wakijibana kila siku walikula zaidi baada ya kunywa kuliko pale ambapo hawakunywa kitu. Sheria yao ilikwisha kuvunjwa, hivyo hapakuwa na cha kulinda tena. Mtu yeyote aliyewahi kuvunja mfungo saa sita mchana kwa kipande cha mkate, kisha akamaliza mkate mzima kwa hasira dhidi ya nafsi yake, anaujua mwendo huo. Ukiongeza juu yake kwamba tonge lile lilikuwa dhambi mbele za Mungu, umeongeza sababu ya kukata tamaa na kuendelea kula.

Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani unatambua ulaji wa kupindukia usiozuilika kama ugonjwa unaojitegemea. Miongoni mwa dalili zake ni kula peke yako kwa sababu ya aibu, na kujichukia baadaye. Kuna tiba ya mazungumzo inayowasaidia wengi. Mhubiri anayemwambia mgonjwa wa namna hii kwamba anaabudu sanamu anaipalilia dalili ya ugonjwa na kudhani anatoa dawa.

Na asiyeamini kwamba njaa inaweza kuilemea roho ya mcha Mungu auangalie utafiti wa Ancel Keys, Chuo Kikuu cha Minnesota, wa miaka 1944 na 1945. Vijana 36 walijitolea kufa njaa nusu, ili madaktari wajifunze namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofishwa na vita. Walikuwa wamekataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri, na wengi wao walitoka katika makanisa ya amani: Wabrethren, Wakweka, Wamenno. Imani yao haikuwa ya midomo. Walikuwa wameilipia mbele ya taifa lililokuwa vitani. Kwa wiki 24 walilishwa takribani kalori 1,600 kwa siku na kupoteza kama robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani. Walizama katika huzuni na hasira, na mmoja alijikata vidole. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi kwa wiki nyingi huku wakisema bado wana njaa. Hakuna mtu mwenye haki ya kusema kwamba vijana wale walipungukiwa na Mungu. Walipungukiwa na chakula, na roho zao zikaonyesha hivyo.

Wapo watakaojibu kwa ushuhuda: fulani aliomba, hamu ikakoma, akapungua kilo 20. Shuhuda hizo zipo na hazina haja ya kudharauliwa. Sala huwatuliza watu, nyimbo huwainua, na muumini anayeanza jioni yake kwa kumwambia Mungu yanayomsumbua hufanya jambo jema kuliko anayeyameza. Ila lazima iulizwe ni kitu gani hasa kilichomsaidia aliyesaidika. Mchungaji Rick Warren alipoanzisha mpango wa afya uitwao Daniel Plan katika kanisa la Saddleback, California, mwaka 2011, watu wapatao 15,000 walijiandikisha na wengi walipungua. Mpango huo ulikuwa na madaktari, mapishi, mazoezi, na vikundi vidogo vya watu waliokutana kila wiki. Walikula pamoja, wakatembea pamoja, wakapigiana simu. Aliyejiunga hakuachwa chumbani na Biblia yake apambane na jokofu.

Kama ibada peke yake ingechukua nafasi ya chakula, wanaosali sana wangekuwa wembamba kuliko wengine. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walitoa matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani 2,433 kwa miaka 18 tangu ujana wao. Waliohudhuria sana shughuli za dini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa wanene kupita kiasi walipofikia umri wa makamo. Hilo halithibitishi kwamba kanisa linanenepesha. Linatosha kuonyesha kwamba kitabu cha maombi na sahani vinaishi nyumba moja, na kwamba kukiongeza kimoja hakukifukuzi kingine.

Historia ya Kanisa nayo iliionja hatari hii mapema. Yohane Kasiano, aliyeishi na watawa wa jangwa la Misri katika karne ya 4, aliandika kwamba wazee wale, magwiji wa kufunga, walivunja saumu mgeni alipofika ili wale naye. Katarina wa Siena alijinyima chakula mpaka mwili ukakataa kukipokea, ingawa viongozi wake wa kiroho walimwamuru ale. Alifariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Na Kenya haihitaji kusimuliwa habari za mbali. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu walioaminishwa kwamba njaa ingewafikisha kwa Yesu. Mchungaji anayehimiza mfungo wa Januari hastahili kuwekwa kapu moja na waliopanga maafa yale. Anastahili kuulizwa tu, kwa sauti ya wazi, anapofundisha kwamba chakula na Mungu ni wapinzani, ni wapi atakapoiwekea hoja hiyo mpaka.

Ajabu ni kwamba Wakristo wa Afrika Mashariki wana mafundisho bora kuliko haya, na wanayatenda kila wiki. Msiba unapotokea, mfiwa hapiki. Majirani huwasha moto uani, sufuria kubwa zikateremshwa, wali na maharage yakaiva, usiku chai ya rangi na maandazi vikapita mikononi mwa waliokuja kukesha. Wanajumuiya huimba, katekista huongoza sala, na mama mmoja hukaa ubavuni mwa mjane na kikombe cha uji akimsihi anywe hata kidogo. Hakuna anayedhani kwamba uji ule unashindana na sala. Mama aliyejifungua Kilimanjaro huletewa mtori na wakwe na majirani wanaokuja kumpongeza na kumwombea. Maaskofu Katoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao katika Afrika Mashariki, walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mwaka 1976, walikuwa wakijenga juu ya desturi hii ya watu kubebana.

Kasoro inakuja baadaye. Siku ya tatu au ya nne matanga huanuliwa, viti vya kukodi vikarudishwa, ndugu wakapanda mabasi. Mjane hubaki na watoto walio shuleni mchana kutwa na kitanda kikubwa usiku. Hapo ndipo kula kwa kujifariji huanza kwa wengi: saa ambayo zamani ilikuwa ya chakula cha watu wawili sasa ni ya mmoja. Kanisa lililomlisha kwa siku nne linakutana naye tena miezi minane baadaye, ameongezeka uzito, na linampa kitini cha kumfundisha kwamba tumbo limekuwa mungu wake. Lingekuwa limemtazama vizuri lingeona kwamba kilichobadilika tangu msibani ni idadi ya watu mezani. Imani yake huenda ni ileile.

Hivyo hivyo kwa kijana aliyekosa kazi na kushinda ndani, kwa muuguzi anayetoka zamu ya usiku, kwa mwanamke ambaye mimba imeharibika na hakuna aliyeitisha matanga. Watu hawa hawajamhama Mungu. Wamekosa mtu wa kula naye.

Wachungaji, makatekista na viongozi wa jumuiya waache kuhubiri kwamba anayekula kwa huzuni ametenda dhambi ya sanamu. Hawana aya ya kusimamia hapo. Waliokwisha kuhubiri hivyo wawaambie waumini wao wazi kwamba walikosea. Wanaoona muumini anakula kwa siri mpaka anaumwa, au anajitapisha, au anafunga bila kukoma, wamsindikize hospitali, na sala wamfanyie njiani na baada ya kurudi. Na ratiba za jumuiya, ambazo zimejaa michango ya harusi na ukarabati wa paa, zipate mstari mmoja zaidi: nani anakwenda kula chakula cha jioni kwa mfiwa mwezi wa pili, wa tatu na wa sita baada ya mazishi. Waanze na majina ya waliofiwa mwaka huu. Orodha wanayo, kwa sababu rambirambi ziliandikwa daftarini.